Sabufa kwenye buti la IST: itazame mbele, nyuma au juu? Mimi na fundi hatuelewani

#1 Chalii wa Sakina
Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota IST, ile ya zamani. Wiki mbili zilizopita nimefunga sabufa (spika ya besi) moja ya inchi 12 kwenye boksi lililozibwa kote, halina tundu. Fundi wangu kaliegemeza boksi kwenye mgongo wa siti ya nyuma na sabufa inatazama mbele, yaani inapigia siti. Hoja yake: "Mlio uende kwa mwenye gari, usiende kwa walio barabarani."

Shida ni kwamba nikikaa kwa dereva besi naisikia kama sherehe ya jirani wa nyumba ya tatu. Nikishuka nikafungua mlango wa nyuma, pale unagonga mpaka suruali inatikisika. Pesa nimetoa mimi, wanaofaidi ni bodaboda wa kwenye mataa.

Nimemwambia ageuze, kagoma. Anasema wanaogeuza sabufa nyuma ni washamba. Wenye uzoefu, itazame wapi?

#2 Besi ya Pasua
Geuza itazame mlango wa nyuma, isogeze iache shubiri moja. Asante utanipa baadaye.

#3 Mzee wa Altezza
Namba 2 umejibu kama unadaiwa. Kwa nini igeuzwe? Mtoa mada anataka sababu, fundi wake naye anayo sababu.

#4 Besi ya Pasua
Sababu sijui, mzee wangu. Nimegeuza magari matano hapa Moshi na yote matano wenyewe walirudi wakicheka. Mimi nafunga, sifundishi.

#5 Ticha wa Njiro
Ngoja nisaidie kidogo. Sauti inasafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Mlio wa hezi 40, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde, ule unaousikia kifuani, urefu wa wimbi lake ni 343 gawanya kwa 40: mita 8 na nusu. IST nzima kutoka bampa hadi bampa haifiki mita 4. Sasa wimbi refu kuliko gari mara mbili "litatazama" upande gani? Mlio mzito siyo tochi. Unasambaa kote, ndiyo maana huwezi kufumba macho ukaonyesha kwa kidole ulikotoka.

Kwa hiyo hoja ya fundi haina miguu. Lakini pia usidhani kugeuza hakubadilishi kitu. Kinachobadilika ni umbali: koni, ule uso wa sabufa unaotikisika, iko mbali kiasi gani na ukuta wa gari, na mbali kiasi gani na sikio lako. Kuna mlio unaokuja moja kwa moja, kuna uliokwenda kugonga mlango wa nyuma ukarudi. Huo wa pili ukichelewa kwa nusu ya wimbi, mmoja unasukuma wakati mwenzake anavuta. Vinafutana.

#6 Chalii wa Sakina
Ticha nimekuelewa mpaka pale kwenye bampa. Kwingine nitarudia nikishakula.

#7 Forester ya Kijenge
Ticha kasema kweli tupu, mimi ni shahidi. Sabufa yangu ilitazama mbele mwaka mzima. Nyimbo nyingine zilidunda, nyingine gitaa la besi linapotea katikati halafu linarudi, kama mtu anazamia mtoni. Nikageuza nyuma, gari likawa jingine. Sijaongeza hata senti.

#8 Ticha wa Njiro
Forester, naomba vipimo viwili. Koni ilikuwa mbali kiasi gani na mlango wa nyuma? Na kile kitufe cha LPF kwenye ampu (kikuza sauti), kile cha kukata milio ya juu, kiko wapi?

#9 Forester ya Kijenge
Nimetoka na futi ya fundi cherehani, mke wangu ananiangalia dirishani. Sentimita 95. LPF ipo 120, ndivyo ilivyotoka kwa fundi.

#10 Ticha wa Njiro
Safi. Sentimita 95 kwenda na kurudi ni mita 1.9. Nusu wimbi ikiwa mita 1.9, wimbi zima ni mita 3.8. 343 gawanya kwa 3.8 unapata hezi 90. Kwa kuwa umeachia mpaka 120, sabufa yako ilikuwa inapiga hezi 90 na mlango wa nyuma unazifuta. Hapo ndipo gitaa lako lilipozama. Ulipoigeuza na kuisogeza karibu na mlango, umbali ukawa mdogo, shimo likapanda juu kabisa ambako sabufa haifiki.

#11 Mzee wa Altezza
Hapo sasa. Uzi ufungwe?

#12 Ticha wa Njiro
Usifungwe, kuna tatizo. IST haina buti la Forester. Kutoka siti hadi mlango wa nyuma ni kama sentimita 60. Piga hesabu ileile, unapata hezi 143. Mtoa mada akiwa amekata kwenye 80, hilo shimo halimhusu. Kwa hiyo maelezo yangu yanamfaa Forester, yeye bado hayamfai.

#13 Dada Fyuzi
Nimecheka. Ticha kajenga nyumba kisha kaivunja mwenyewe.

Mimi nafanya umeme wa magari, Unga Limited, mwaka wa tisa huu. Kabla hamjageuza boksi, angalieni chanya na hasi. Sabufa na spika za milangoni zikiwa zinapingana, hizi zinasukuma hewa ile inavuta, besi inakufa palepale kwa dereva, ukitoka nje inafufuka. Hiyo ndiyo dalili ya mtoa mada neno kwa neno. Badilisha nyaya mbili za sabufa, chanya kwa hasi, usiguse kingine. Kaa kwa dereva usikilize. Kama ampu yako ina swichi ya 0 na 180 hata nyaya usihangaike nazo, sogeza swichi.

Na ukitaka kujua waya upi ni upi kwenye sabufa isiyo na alama, chukua betri ya rimoti, gusisha sekunde moja tu. Koni ikitoka nje, upande uliogusisha chanya ndio chanya. Ikiingia ndani, umegeuza.

#14 Mangi wa Kiboriloni
Dada Fyuzi heshima yako. Ongezea na hili: sabufa nyingi za sasa zina koili mbili, zile nyaya za kuzunguka zinazosukuma koni. Mimi fundi mmoja (simtaji, tunasali pamoja) aliunga koili moja sawa na nyingine kinyume. Koili moja inasukuma, mwenzake anavuta, koni imesimama kama inafikiri. Nilikaa nayo miezi minane nikidhani ampu ni mbovu. Nikanunua ampu nyingine! Kubwa zaidi! Koni ikaendelea kufikiri. Siku nimeifungua mwenyewe, dakika tano tu.

#15 Mzee wa Altezza
Mangi kununua ampu mbili, hiyo habari ndiyo kubwa kuliko mada.

#16 Mangi wa Kiboriloni
Ya kwanza niliiuza kwa faida. Usiwe na wasiwasi nasi.

#17 Hewa Safi
Mnazunguka. Jamaa anasikiliza akiwa amefungua mlango wa nyuma halafu analinganisha na ndani! Besi ndani ya gari inategemea gari kufungwa. Milio iliyo chini sana, kuanzia hezi 60 hivi kushuka, gari linakuwa kama chupa: koni inabana hewa yote kwa pamoja na mdundo unaongezeka wenyewe bila ampu kufanya kazi ya ziada. Gari likiwa dogo, msaada huo unaanza mapema zaidi. Ukifungua dirisha moja tu unapoteza. Pandisha vioo vyote, ndipo uje kulalamika.

#18 Chalii wa Sakina
Hewa Safi, vioo nilipandisha. Jua la saa nane na kiyoyozi changu hakifanyi kazi, nilikuwa naoga jasho.

#19 Kocha wa Moshono
Hakuna aliyetaja mwinuko. Arusha tuko mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi. Moshi wako chini ya mita 1,000 na kuna joto. Ndiyo maana magari ya Moshi yanagonga kuliko yetu. Sabufa inahitaji hewa nzito ya kusukuma.

#20 Besi ya Pasua
Hatimaye Arusha wamekubali.

#21 Ticha wa Njiro
Kocha, hewa nyepesi ni kweli, ila hata ukilinganisha Arusha na Tanga kabisa, tofauti haifiki desibeli 2 za ukubwa wa sauti. Kati yetu na Moshi ni chini ya 1, sikio halioni. Na kasi ya sauti haitegemei mwinuko, inategemea joto: 331 jumlisha 0.6 mara nyuzi za joto. Magari ya Moshi yanagonga kwa sababu Wachaga wana hela ya waya nene.

#22 Mangi wa Kiboriloni
Hii namba 21 naitundika sebuleni.

#23 Chalii wa Sakina
Wakuu, nimerudi na ripoti. Leo Jumamosi nimeshinda nje na gari, majirani wamenichoka.

Kwanza nimetoa boksi. Kwenye kitambaa cha siti nimekuta duara limechorwa, safi kama kifuniko cha sufuria. Yaani sabufa ilikuwa imekandamizwa kwenye siti hadi fremu imeacha alama, na katikati ya duara kitambaa kimekwanguka.

Pili, nimeliacha palepale lakini nimelisogeza nyuma sentimita kumi, likitazama mbele vilevile. Nafuu ndogo.

Tatu, nimegeuza nyuma kama alivyosema Besi ya Pasua. Mdundo umekuja! Siyo wa suruali, wa kifua.

Nne, likiwa bado limegeuzwa nyuma, nikabadilisha nyaya kama alivyosema Dada Fyuzi. Besi ikapungua. Nikarudisha.

Tano, nikaligeuza tena mbele, nyaya nikaziweka kinyume tena. Hapo nimeshangaa: inagonga karibu sawa na ile ya tatu. Sasa nani kasema kweli?

#24 Dada Fyuzi
Mimi.

#25 Besi ya Pasua
Soma jaribio la tatu. Mimi, bila kugusa waya.

#26 Hewa Safi
Wote hapana. Kilichokuwa kinamsumbua ni koni kubanwa na siti. Ile alama ya katikati inaonyesha ilikuwa inagusa. Koni isiyo na nafasi ya kutoka ni sawa na kuimba umezibwa mdomo.

#27 Mzee wa Altezza
Hewa Safi, ikiwa ni kubanwa, mbona jaribio la pili, aliposogeza sentimita kumi, nafuu ilikuwa ndogo?

#28 Hewa Safi
Kumi hazitoshi.

#29 Mzee wa Altezza
Koni ya inchi 12 inatoka sentimita ngapi kwani? Mbili. Wewe unadai uwanja wa mpira.

#30 Ticha wa Njiro
Naomba nijaribu kuwapatanisha, ingawa najua haitasaidia. Ukigeuza boksi kutoka siti hadi mlango wa nyuma, safari ya mlio hadi sikio la dereva imeongezeka kama mita 1. Kwa hezi 80 wimbi ni mita 4.3, kwa hiyo mita 1 ni karibu robo ya wimbi. Kubadilisha nyaya ni kama kusogeza nusu ya wimbi. Yote mawili yanafanya kazi ileile ya kupatanisha sabufa na spika za milangoni kwenye milio ambapo sabufa inaishia na spika zinaanzia, isipokuwa mmoja anasogeza kidogo na mwingine anasogeza sana. Ndiyo maana mbele na nyaya kinyume inakaribiana na nyuma na nyaya sawa.

Hapo nimeeleza hezi 80 tu. Kwa hezi 40 mita hiyohiyo ni nusu ya hapo. Kwa hiyo kila wimbo utasema lake.

#31 Forester ya Kijenge
Ticha, umepimaje kwamba inakaribiana? Kwa sikio la mtoa mada?

#32 Chalii wa Sakina
Nimetumia programu ya simu ya kupima kelele. Ilisoma tofauti ya desibeli 1.

#33 Dada Fyuzi
Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa maneno ya watu, nyingi zinakata milio ya chini kabisa. Inaweza kulinganisha hezi 80 na 80 katika gari moja, simu imekaa mahali pamoja. Chini ya hapo usiiamini. Tumia sikio, wimbo mmoja, sauti usiiguse, kichwa usikisogeze. Na usipime ukiwa umeketi peke yako, halafu ukaanza kubeba watu watatu nyuma ukashangaa.

#34 Mtu wa Mark X
Wenye sedani je? Mnaongea habari za IST kama nchi nzima inaendesha IST.

#35 Mzee wa Altezza
Sedani ni shule nyingine, ndugu yangu. Buti limetengwa na bati na siti. Ya kwangu nimelaza siti moja ya nyuma, boksi liko mlangoni mwa uwazi huo linatazama mbele, na pembeni nimeziba kwa povu na ubao ili mlio wa buti usichanganyike na wa ndani. Hapo mbele inashinda nyuma, bila ubishi. Kama nyuma ya siti yako ni chuma kizima, tafuta tundu la kibao cha spika za nyuma. Bila tundu, utatikisa bati na pleti namba, ndani utasikia uvumi tu.

#36 Besi ya Pasua
Pleti namba! Mkuu umegusa. Nusu ya "besi" inayosikika mitaani ni pleti namba. Weka vipande vya raba nyuma yake, na mkeka wa lami ndani ya mlango wa buti. Utagundua ulikuwa na mdundo mdogo kuliko ulivyodhani, lakini msafi.

#37 Tuta la Usa River
Wakuu samahani naingilia. Hakuna aliyeuliza kama boksi limefungwa. Mdogo wangu aliligeuza nyuma hivyohivyo, akaliacha limekaa tu. Tuta la kwanza, boksi likaruka likagonga kioo cha nyuma kwa ndani. Boksi la MDF (ubao wa unga wa mbao) na sumaku lina kilo ishirini na ushee. Ukifunga breki kwa ghafla na siti umelaza, hilo linakuja kichwani. Fungeni kwa mikanda au boliti. Halafu fyuzi iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45, siyo kule kwenye buti karibu na ampu. Waya ukichunwa katikati na fyuzi iko mwisho wake, hakuna kinachouzuia kuwaka.

#38 Dada Fyuzi
Tuta, hilo la fyuzi ungeanza nalo mwanzo. Na hasi ya ampu ifungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi, siyo kwenye skrubu ya kapeti.

#39 Chalii wa Sakina
Fyuzi yangu iko kwenye buti. Nimeangalia sasa hivi. Fundi huyuhuyu.

#40 Mangi wa Kiboriloni
Basi suala la washamba tumelimaliza.

#41 Kocha wa Moshono
Na juu je? Kichwa cha uzi kimesema mbele, nyuma au juu. Mimi ya kwangu inatazama juu, haigusi mzigo, na inagonga vizuri.

#42 Forester ya Kijenge
Juu ni nzuri mpaka siku utakapoweka mfuko wa saruji juu yake.

#43 Kocha wa Moshono
Nimeweka wavu wa chuma.

#44 Forester ya Kijenge
Saruji haijui wavu.

#45 Chalii wa Sakina
Wakuu, nimerudi tena, samahanini, ila hili lazima niliseme.

Juzi nilikwenda Marangu kumpeleka mama. Kurudi wamenipakia mikungu miwili ya ndizi za kupika, mmoja ukiwa mshale, na gunia la parachichi. Nafasi hakuna, boksi nikalisukuma kona ya kushoto kabisa, limekaa kiubavu, koni inatazama ubavu wa gari, kama vidole vinne kutoka ukutani. Ndizi zimelibana pande zote. Nyaya sijagusa.

Kutoka Himo hadi Usa River nimesikiliza mdundo ambao sijawahi kuusikia kwenye hili gari. Mzito, umenyooka, haupotei wimbo wowote. Mama aliyekuwa amekataa kabisa habari za sabufa, kwenye kwaya moja akapiga mguu. Nimefika Sakina, nimeshusha ndizi, nimeacha boksi palepale pa kona. Umepungua! Siyo sana, ila umepungua.

#46 Hewa Safi
Ndizi zimejaza buti, hewa imekuwa ndogo, gari limekuwa dogo. Niliwaambia habari za chupa namba 17.

#47 Ticha wa Njiro
Mikungu miwili imechukua lita ngapi kati ya lita elfu mbili na zaidi za ndani ya gari? Hapana. Kona ndiyo imefanya kazi. Koni ikiwa karibu na kuta tatu kwa pamoja, mlio hauna pa kutawanyikia, kuta zinauongeza.

#48 Mzee wa Altezza
Kona ipo hata baada ya kushusha ndizi, Ticha. Na umepungua.

#49 Besi ya Pasua
Uzito. Ndizi zimelibana boksi lisitikisike na zimebana plastiki za buti zisilie. Ukifunga kwa mikanda alivyosema Tuta utaurudisha.

#50 Dada Fyuzi
Au barabara ya lami ya Moshi kwa kilomita 80 kwa saa, alternata inatoa volti 14 kamili, na hapo Sakina umepima gari limezimwa betri iko 12. Ulipima injini ikiwa inawaka?

#51 Chalii wa Sakina
Dada Fyuzi… sikumbuki.

#52 Mangi wa Kiboriloni
Mimi nasema ni ndizi. Marangu hatujawahi kukosea. Jumamosi pita Kiboriloni nikupakie mikungu miwili urudie jaribio, mafuta yako.

#53 Noah ya Tengeru
Habari wakuu, nimeuona uzi sasa hivi. Mimi nina Noah, nataka kufunga sabufa mbili za inchi 10. Zitazame wapi?

#54 Besi ya Pasua
Nyuma.

#55 Mzee wa Altezza
Noah, anzia ukurasa wa kwanza. Beba chai.